Kufunganya na Kuchambua: Namna ya Kuhifadhi Vitu vya Programu katika Majedwali

Kila mwezi zahanati za Mkoa wa Singida hujumlisha hesabu za vitabu vya MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, na jumla hizo huingizwa katika DHIS2, programu iliyoasisiwa katika Chuo Kikuu cha Oslo, Norwe. Programu hiyo imeandikwa kwa lugha ya Java, huendeshwa katika seva, na kumbukumbu zake hukaa katika hifadhidata ya majedwali iitwayo PostgreSQL. Hapo lazuka swali: kitu ambacho programu inakishughulikia kwa umbo lake zima, chapasa kuwekwaje katika jedwali?

Njia ni mbili. Ya kwanza ni kukichambua, kila sifa ikapewa safu yake. Huu ndio utaratibu uliotokana na nadharia aliyoitoa Edgar Codd mwaka 1970. Ya pili ni kukifunganya: kitu kizima hugeuzwa kuwa mfululizo wa baiti na kutiwa katika safu moja. Java ina uwezo huo tangu 1997. Kufunganya humpunguzia kazi mwandishi wa programu, lakini hifadhidata haioni kilichomo. Haiwezi kukitafuta, kukijumlisha wala kukihakiki.

Mfano wa kitenzi wafaa hapa. Neno “alimwandikia” limefunganya mtenda, wakati, mtendewa na tendo katika umbo moja, nalo hufunguliwa na kila aijuaye sarufi ya Kiswahili. Furushi la Java nalo lina sarufi yake, ambayo ni kiolezo kilichokizaa kitu chenyewe. Kiolezo kikibadilishwa pasipo tahadhari, furushi la jana halifunguki leo. Na programu za lugha nyingine hulisoma kwa taabu.

Uzito wa jambo hili waonekana katika mabadiliko ya mipaka. Mwaka 2012 Wilaya ya Mkalama ilimegwa kutoka Iramba, na Ikungi kutoka Singida. Katika DHIS2 kila hesabu imo katika mstari wake, pamoja na alama ya kituo, ya kipindi na ya jambo lililohesabiwa. Wilaya ya kituo yatajwa mahali pengine, katika jedwali la vituo. Basi kituo kikihamishiwa wilaya mpya, hurekebishwa mstari wake mmoja tu, na hesabu zake zote, hata za miaka iliyopita, hujumlishwa upya. Lau ripoti zingefunganywa pamoja na jina la wilaya, ingelazimu kufungua kila furushi moja moja.

Hata hivyo, DHIS2 yenyewe haikuepukana na mafurushi. Katika matoleo ya awali mipangilio ya mfumo iliwekwa kama baiti za Java. Baadaye watunzi wake waliigeuza kuwa maandishi ya kawaida. Kwa taarifa zenye umbo lisilotabirika walichagua JSON, ambayo PostgreSQL huweza kuipekua ndani.

Kwa hiyo kanuni yaweza kuelezwa hivi. Yote yatakayotafutwa, kujumlishwa au kuunganishwa na mengine yachambuliwe katika safu. Kitu kisomwacho kizima chaweza kufunganywa, ila kwa maandishi yaliyo wazi, kikiwa na alama ya toleo, na nambari yake, tarehe na mwenyewe vikiwekwa nje ya furushi. Baiti za Java ziachiwe mambo ya kupita, kama kumbukumbu ya mtumiaji aliyemo mfumoni kwa saa hiyo. Tena zisifunguliwe kamwe zikitoka kwa mtu asiyeaminika, kwa kuwa furushi lililotungwa kwa hila laweza kuifanya seva itende lisilokusudiwa.

Programu hubadilishwa mara nyingi, lakini hesabu za wajawazito na watoto wa Mkalama zatakiwa kusomeka hata baada ya programu iliyozipokea kuachwa.