Vyeti vya Tovuti (2): Nyota Inafunika Wapi?

Wiki iliyopita tuliona jinsi cheti cha SSL kinavyoficha mazungumzo kati ya simu na seva. (Wataalamu husema TLS, kwani SSL yenyewe ilizikwa rasmi mwaka 2015, ila jina limegoma kufa nami sina ugomvi nalo.) Leo tutazame cheti kimoja kinafika wapi. Hapa ndipo wenye tovuti wengi wanapotoa hela bure.

Tuseme wakulima wa pamba wa Nkololo wana ushirika, na tovuti yao, ya kubuni, ni pambankololo.co.tz. Cheti ni kama barua ya mtendaji wa kata: kinamtambulisha aliyetajwa, si ukoo wake. Kikitaja jina hilo peke yake, mkulima akaandika www mbele yake, kivinjari kitamtolea onyo la kutisha. Ndiyo maana watoaji wengi huyaandika yote mawili.

Ushirika ukiongeza bei.pambankololo.co.tz na mizani.pambankololo.co.tz, wauzaji watawaletea cheti cha nyota: *.pambankololo.co.tz. Nyota hiyo husimama mahali pa neno moja tu. Bei na mizani zimo, hata ghala la mwakani limo, www.bei.pambankololo.co.tz haimo, wala jina mama lenyewe halimo lisipoandikwa kando.

Sasa njoo serikalini. Mkoa uko simiyu.go.tz, Halmashauri ya Wilaya iko bariadidc.go.tz. Kiutawala Bariadi imo ndani ya Simiyu. Kwenye majina ya intaneti hawa ni majirani tu, kila mmoja na mlango wake. Nyota ya mkoa haimfikii mwanawe. Wanaotaka kuchangia cheti hutumia kile cha majina mengi, kinachoorodhesha vikoa visivyohusiana. Kina kero zake: orodha nzima inasomeka na yeyote atakayekifungua, na kuongeza jina moja ni kutoa cheti upya.

Na mtu akiomba *.co.tz? Atakataliwa. Mwenye nyota hiyo angeweza kujifanya duka lolote nchini lenye anwani ya co.tz, hivyo kanuni za watoaji vyeti zinawazuia kuitoa kwa asiyethibitisha kwamba eneo lote ni lake.

Kwa ushirika wetu, mimi nisingenunua nyota. Let's Encrypt inatoa vyeti bure tangu Desemba 2015, na vya nyota tangu Machi 2018, ingawa hivyo vya nyota hudai uthibitisho kupitia rekodi za DNS. Majina matatu au manne yanaenea kwenye cheti kimoja cha kawaida, na ufunguo wa siri ukiibwa, mwizi hapati majina yote yajayo.

Kinachostahili kuulizwa kwa anayekuhifadhia tovuti ni kama cheti kinajihuisha chenyewe. Kuanzia 15 Machi 2026 ukomo wa uhai wa cheti ni siku 200. Kuanzia 15 Machi 2029 utakuwa siku 47. Wiki ijayo tutaanzia hapo.