Madoa Meupe kwa Samaki Wageni Waliotengwa

Mfugaji anunuapo vifaranga vya perege au vya kambare, yampasa awatenge kwanza katika pipa au birika, mbali na bwawa lake, kwa muda wa siku 21. Karatasi hii yaeleza la kufanya ikiwa katika siku hizo utaona madoa meupe juu ya miili yao. Isome yote kabla hujatia dawa. Maana wengi hupotewa na samaki, si kwa kukosa dawa, bali kwa kuiacha mapema.

1. Dalili za ugonjwa

Tazama samaki wako asubuhi, penye mwanga mzuri. Ukiweza, mtie mmoja katika chupa pana ya kioo umwangalie ubavuni. Doa la ugonjwa huu ni jeupe, limeinuka kidogo, nalo ni dogo kama punje ya chumvi, wala halizidi milimita 1. Madoa hutawanyika mwilini na katika mapezi. Samaki hujisugua chini na penye kuta za pipa, kisha huacha kula. Ugonjwa ukizidi, hupanda juu akihema. Hapo jua kwamba mdudu amekwisha ingia katika matamvua, nayo ndiyo yamwuayo samaki upesi. Wengine hufa kwa wadudu wa matamvuani pasipo kuonyesha doa hata moja mwilini.

2. Usidanganyike

Ukiona kitu kama nyuzi za pamba, hiyo ni kuvu, nayo mara nyingi hufuata jeraha. Ukiona vifundo vya manjano au vyeusi ndani ya nyama, hivyo kwa kawaida ni minyoo iletwayo na konokono na ndege wa majini. Ukiwa na shaka, mpelekee Bwana Shamba au afisa wa samaki samaki mgonjwa aliye hai, katika maji. Yeye akiukwangua ute na kuutazama kwa hadubini, atamwona mdudu wa mviringo akizunguka polepole, na ndani yake alama iliyopindika mfano wa kiatu cha farasi.

3. Maisha ya mdudu

Mdudu huyu alielezwa na mtaalamu Fouquet wa Ufaransa mwaka 1876. Jina lake la kitaalamu ni Ichthyophthirius multifiliis, maana yake chawa wa samaki mwenye watoto wengi. Jina hilo lamfaa kweli, na maisha yake yana sehemu tatu:

(a) Hukaa chini ya ngozi ya samaki, akila na kukua. Hilo ndilo doa ulionalo.

(b) Akiisha kukomaa hutoka, huanguka chini ya maji, na kujifunika ganda. Humo hugawanyika kuwa mamia ya watoto, hata kufika 1,000.

(c) Watoto hutoka na kuogelea wakitafuta samaki. Wasipompata katika muda wa saa 48 hivi, hufa.

Penye maji ya joto mzunguko huu wote huisha kwa siku chache tu. Penye baridi huchukua majuma. Sasa angalia neno kubwa la karatasi hii. Mdudu aliye chini ya ngozi hafikiwi na dawa, wala aliye ndani ya ganda. Dawa humwua mtoto anayeogelea tu, naye huwezi kumwona kwa macho. Kwa hiyo madoa yakitoweka, usidhani samaki amepona. Yawezekana wadudu wamemtoka ili wazae.

4. Matibabu

Tumia pipa la plastiki au birika la saruji. Usitumie chombo cha bati, maana chumvi huila bati na maji huwa sumu kwa samaki.

Pima chumvi ya kawaida gramu 100 kwa kila debe la maji la lita 20. Iyeyushe kwanza katika ndoo. Tia nusu yake siku ya kwanza, na nusu iliyobaki siku ya pili, ili samaki wazoee. Perege na kambare huvumilia kadiri hiyo.

Kila siku fyonza uchafu wa chini kwa mpira, maana maganda yenye watoto yamo humo. Maji hayo yamwage penye ardhi tupu, yasielekee bwawani wala bustanini. Rudishia maji safi, na uyatilie chumvi kwa kadiri ya maji mapya tu. Usipime chumvi ya pipa zima tena.

Usitumie dawa ya malakaiti kijani. Imekatazwa katika nchi nyingi kwa samaki wa kuliwa.

5. Hesabu ya siku

Tangu siku usipoona doa lolote, anza kuhesabu siku 21 upya. Endelea na chumvi siku 7 za kwanza ikiwa mahali pako ni pa joto, au 14 ikiwa ni nyanda za baridi. Kisha badilisha maji kidogo kidogo mpaka chumvi iishe, ukiwaangalia samaki katika siku zilizobaki. Doa likirudi, anza tena. Siku hizi zachosha, lakini samaki mmoja mwenye mdudu aweza kuliambukiza bwawa zima.

6. Vyombo na bwawa

Wavu na ndoo za samaki wageni zisiguse bwawa. Baada ya kazi zianike juani mpaka zikauke kabisa, kwa kuwa ukavu humwua mdudu. Bwawa likiisha ambukizwa, vua samaki wote, toa maji, na uache udongo ukauke hata upasuke kabla ya kupandikiza wengine. Samaki waliovuliwa waweza kuliwa. Mdudu huyu hamdhuru mtu.

7. Neno kwa wafugaji wa pwani

Samaki wa maji ya bahari, kama mwatiko, wana ugonjwa ufananao na huu, lakini mdudu wake ni mwingine, aitwaye Cryptocaryon irritans. Huyo amezoea chumvi, basi dawa iliyotajwa hapo juu haimfai. Njia ya kumshinda katika mapipa ni kuwahamisha samaki kila baada ya siku 3 katika pipa safi lililokaushwa, mara 4 mfululizo. Hivyo samaki huondoka kabla watoto wa mdudu hawajatoka katika maganda.

Mfugaji, haraka ya siku chache isikuharibie kazi ya miezi. Wasiruhusu wageni kuingia bwawani mpaka hesabu itimie.