Kazi ikiingia nyumbani, usalama uingie nayo

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama mwenye nyumba,

Kazini kuna mkuu wa usalama. Akiona waya uliochubuka, anasimamisha kazi. Akimkuta mtu bila kofia, anamrudisha. Je, nyumbani kwako ni nani anayeshika kazi hiyo? Wengi wetu hatukujiuliza mpaka mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipotufungia ndani.

Tukumbuke kidogo. Mgonjwa wa kwanza katika Kongo alitangazwa Kinshasa tarehe 10 Machi 2020. Siku chache baadaye masomo, makanisa na baa zikafungwa nchini kote, na tarehe 24 Machi Rais wa Jamhuri akatangaza hali ya dharura. Ng'ambo ya Ruzizi, Rwanda nayo ilifunga mpaka, na akina mama waliokuwa wakivuka kila siku kutafuta chakula cha watoto wakabaki bila biashara. Hali ya dharura ilikwisha mwezi wa Julai.

Katika miezi hiyo kazi za migodi ziligawanyika. Mchimbaji hawezi kubeba shimo na kulipeleka nyumbani. Kule Katanga, kampuni kadhaa za shaba na kobalti ziliwaweka watu ndani ya eneo la mgodi kwa majuma mengi, mbali na jamaa zao. Lakini karani, mhasibu na mchora ramani wanaweza kufanya kazi mezani kwao, ikiwa umeme upo. Basi jamaa moja ililia kwa kuwa baba yuko mbali. Nyingine ikachoka kwa kuwa baba yuko mezani tangu asubuhi na hataki kelele.

Bukavu tunajua nyumba zetu. Huko Kadutu, Bagira na hata Ibanda, vyumba viwili vinalaza watu wanane. Chumba hicho hicho kikawa ofisi, masomo, jiko na mahali pa kulala. Na kazi ilipoingia, hatari zake ziliingia pia. Tutaje zile zinazoua.

1. Mbabula ndani ya nyumba

Mji wetu uko juu, karibu metre 1.500, na mwezi wa Machi na wa Aprili ni wakati wa mvua. Baridi ikishuka, watu hufunga madirisha na kuingiza mbabula yenye makala mekundu ili kuota moto. Makala hayatoi moshi, basi watu hufikiri hayana hatari. Sivyo! Yanatoa hewa yenye sumu isiyo na rangi wala harufu. Mchimbaji anaijua hewa hiyo: hutoka pia baruti inapolipuka, na ndiyo sababu hakuna anayeruhusiwa kurudi shimoni kabla hewa haijasafishwa. Yule anayeogopa hewa mbaya ya shimo, kwa nini alaze watoto ndani yake?

Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kutapika na miguu kulegea. Watu kadhaa wa nyumba moja wakiugua hivyo kwa pamoja, usingoje. Fungua mlango na madirisha, watoe wote nje, kisha wapeleke hospitali hata wakisema wamepona. Mbabula ipikie nje au penye hewa nyingi, wala isilale chumbani pamoja na watu.

2. Umeme na jenereta

Umeme wa SNEL huenda na kurudi. Ukikatika wakati pasi inatumika, ichomoe mara moja, maana umeme unaweza kurudi usiku wote mmelala. Usichomeke kompyuta, simu, redio na jiko katika waya mmoja. Waya ukipata moto, umekwisha kukuonya. Jenereta ikae nje, mbali na dirisha, kwa kuwa nayo inatoa hewa ile ile ya sumu. Usitie mafuta mashine ikiwa inazunguka au ingali moto. Nyumba zetu za mbao zimebanana: moto wa nyumba moja ni moto wa mtaa mzima.

3. Dawa za usafi

Kunawa mikono ni kinga njema. Lakini maji ya javeli yaliyowekwa katika chupa ya limonadi yanamngojea mtoto mwenye kiu. Yaandikwe jina, yawekwe juu, tena yasichanganywe na dawa nyingine ya kusafishia.

4. Mwili na moyo

Shida hii haionekani kwa macho, lakini inavunja jamaa. Masomo yalipofungwa, kazi ya mama iliongezeka mara mbili: kuteka maji, kupika, kufundisha, kunyamazisha watoto ili baba afanye kazi. Radio Okapi ilitangaza masomo, lakini mara nyingi mvulana alikaa karibu na redio huku dada yake akiosha sahani. Hiyo si haki. Baba aliye nyumbani ana mikono miwili. Abebe bidoni la maji, amsaidie mtoto hesabu. Pangeni saa za kazi na saa ya kuikomesha. Hasira ikipanda, toka uwanjani, upumue. Mkono unaompiga mke au mtoto ni ajali isiyoandikwa katika daftari lolote, na jeraha lake hukaa muda mrefu.

Usiseme kwamba korona imepita na mambo haya yamepita nayo. Mwaka 2023, huko Kamituga, mji wa dhahabu katika jimbo letu hili, ilionekana aina mpya ya mpox, na mwezi wa Agosti 2024 Shirika la Afya Duniani likatangaza hatari kwa dunia nzima. Ugonjwa ukija, sisi watu wa migodi hatuko mbali nao.

Basi leo jioni, kabla ya kulala, jamaa ichague mkuu wake wa usalama. Anaweza kuwa mama, anaweza kuwa binti wa miaka kumi na miwili. Azunguke nyumba: mbabula iko nje? Pasi imechomolewa? Javeli iko juu? Akisema hapana, wote wamtii, hata baba mwenye cheo kikubwa kazini.

Tahadhari kabla ya hatari!