Barbeli na Pumzi Yake

Mwisho wa Agosti, kwenye mto Severn, mvuvi mjanja haanzi kwa kumtafuta samaki. Anaanza kwa kutafuta pumzi. Akishajua pumzi iko wapi, samaki atakuwa papo hapo, tumbo juu ya changarawe, mdomo chini.

Kaeni vizuri basi, niwasimulie. Severn ndio mto mrefu kuliko yote katika kisiwa cha Britania, kilomita 354. Unaanzia milima ya Wales, unazungukia Uingereza, kisha unateremka kusini mpaka baharini. Hatuendi huko kote. Sisi tutakaa kipande kidogo tu, kati ya Arley na Bewdley, ambako reli inafuata mto na treni zake bado zinavutwa kwa mvuke. Ukikaa ukingoni unasikia king'ora, unaona moshi juu ya miti, na mvuvi wala hageuzi shingo. Ameshazoea.

Kule miezi ya joto inamalizikia Agosti. Mwezi Juni jua huzama saa tatu na nusu usiku. Ndiyo, usiku, sijakosea: upande ule wa dunia unakuwa umeinamia jua, siku inakuwa ndefu mpaka watoto wanapelekwa kulala mwanga ukiwa bado dirishani. Mwisho wa Agosti jua limeshaanza kuwahi, linazama kama saa mbili. Mvua imekuwa haba, mto umepungua, mawe yaliyokuwa chini ya maji sasa yako nje yanakauka. Ungepungua zaidi kama si bwawa la Clywedog huko juu Wales, lililomalizika kujengwa mwaka 1967, linalofungulia maji wakati wa ukame ili mto usikauke koo.

Wavuvi wetu ni watatu: babu mmoja mstaafu, mjukuu wake wa kike wa miaka 9, na kijana wa jirani wa miaka 14. Msiende kuwaulizia Bewdley, ni watu wa hadithi; ila haya wanayoyafanya, wavuvi wa pale huyafanya kila mwaka. Kijana ana leseni. Uingereza ukishatimiza miaka 13 huruhusiwi kuvua kwa fimbo mtoni bila leseni, ingawa mpaka miaka 16 hutozwi kitu. Mjukuu bado mdogo, haihitaji. Babu yeye anailipia, na kila mwaka anailalamikia.

Wamefika alfajiri, saa kumi na mbili haijagonga. Nyasi zimelowa umande, ukungu umelala juu ya maji. Kijana hakusubiri kuambiwa. Alikwenda moja kwa moja mahali mto ulipotulia, penye kina, pamejaa majani ya maji. Mahali pazuri kweli kwa macho. Samaki gani angekataa kuishi pale? Babu alimtazama, hakusema neno. Akachovya kipimajoto mtoni, akasoma nyuzi 18, akamshika mjukuu mkono wakateremka mpaka mto unapopita juu ya mawe kwa kelele, maji yakiwa yanavunjikavunjika na kutoa povu.

Sasa sikilizeni sababu, maana hapa ndipo penye siri. Samaki naye anapumua oksijeni, ila yeye anaichuja majini kwa matamvua. Na maji yakipata joto, hewa inayatoroka. Mkitaka kuamini, bandikeni sufuria ya maji motoni: vile viputo vidogo vinavyojitokeza pembeni kabla maji hayajachemka ni hewa inayofukuzwa. Lita moja ya maji ya mto yenye nyuzi 10 inaweza kubeba kama miligramu 11 za oksijeni. Yakifika nyuzi 20, inabeba 9 tu. Na joto hilohilo linalopunguza oksijeni ndilo linalomfanya samaki aihitaji zaidi, kwa sababu mwili wake unakwenda na joto la maji. Anakaangwa pande zote mbili, maskini.

Na yale majani yaliyomvutia kijana? Mchana yanatengeneza oksijeni kwa mwanga wa jua. Usiku jua hakuna, lakini majani nayo yanapumua, yanakula akiba ileile. Kwa hiyo pale maji yalipotulia, alfajiri ndiyo saa ambayo pumzi imebaki kidogo kabisa. Kijana ameketi kwenye chumba kizuri kisicho na dirisha. Penye mawe, maji yanapigwa, yanachanganyika na hewa usiku kucha.

Samaki wanayemtaka anaitwa barbeli. Ni wa ukoo mmoja na kuyu na ningu wa mito na maziwa yetu, kwa hiyo mkimwona msimshangae sana: mwili mrefu wa rangi ya shaba, tumbo bapa, mapezi mapana ya kujikandamiza chini mkondo usimchukue, na ndevu nne mdomoni za kupapasia chakula kwenye changarawe. Mwenye kupenda mito yenye kasi hasa ndiye huyu. Lakini Severn si kwao. Asili yake Britania ni mito inayotiririka mashariki, kama Thames na Trent, kwa sababu zamani sana, kabla Bahari ya Kaskazini haijaifunika ile nchi kavu iliyokuwa katikati, mito hiyo iliungana na mto Rhine wa bara la Ulaya, na samaki wakapita. Severn unatokea upande wa magharibi, haukuwa kwenye njia hiyo. Mwaka 1956 barbeli zaidi ya 500 walichukuliwa kutoka mto Kennet wakamwagwa Severn. Walipapenda. Leo watu wanasafiri kutoka mbali kuja kuwavua wajukuu wa wale wageni.

Babu amechemsha mbegu za hempu mpaka zikapasuka. Mmea huo ni ndugu wa bangi, na zamani kulikuwa na klabu za wavuvi zilizokataza mbegu zake, eti zinawalevya samaki! Hazilevyi. Samaki anazipenda tu, basi, anazitafuta moja moja kati ya mawe na kusahau mengine. Mbegu zimeingizwa kwenye kikopo cha plastiki chenye matundu kilichofungwa kwenye mshipi pamoja na chubwi, na kwenye ndoano kuna kipande cha nyama ya kopo. Babu anatupa. Kikopo kinazama, mbegu zinatoka kidogo kidogo, mkondo unazipeleka mbele, na kila samaki aliye chini anapata harufu.

Kisha kungoja. Watu wasiovua wanadhani kungoja ni kukaa bure. Mjukuu hakukaa bure hata kidogo. Nyigu wa mwisho wa kiangazi, wenye tamaa ya sukari kuliko wakati wowote, walimfukuza kutoka kwenye mkate wake wa jamu. Mdiria alipita, buluu tupu, akatoweka. Ukingo mzima ulikuwa na mimea mirefu yenye maua ya waridi iliyoletwa kutoka milima ya Himalaya mwaka 1839 ili kupamba bustani. Ikatoroka bustanini, sasa imeziba kingo za mito nchi nzima. Ukiligusa tunda lake lililokomaa linapasuka kwa nguvu na kurusha mbegu mbali. Mjukuu aligusa moja, akacheka, akanyoosha mkono kwa jingine.

"Acha," babu alimwambia. "Kila unapocheka unaupandia mto kero."

Kama saa tatu asubuhi fimbo ilikunjwa. Simaanishi ilitikisika. Barbeli haonji onji. Anameza na kugeuka aende zake, na mvuvi aliyeiacha fimbo akaenda kuchimba mfuko wa biskuti anaweza kuiona ikiingia mtoni. Babu alikuwa ameishikilia. Mshipi ukalia, samaki akashuka na mkondo, hakuruka juu kama samaki wa kwenye picha, alijibana chini chini akielekea kwenye mizizi ya mti ulioinamia maji. Hapo ndipo wengi wanapompoteza. Babu aliinamisha fimbo ubavuni, akamvuta kwa pembeni, akapata hatua moja, akapoteza mbili, akapata tatu. Dakika kadhaa zikaenda hivyo. Alipoona samaki amechoka akamwingiza kwenye wavu wa mkono, lakini wavu hakuutoa majini.

"Kamera, Babu! Picha!"

"Bado."

Akaichomoa ndoano samaki akiwa ndani ya maji. Akamgeuzia kichwa kule mkondo unakotoka, akamshika kwa viganja viwili, kimoja chini ya tumbo, kingine karibu na mkia. Kisha akamwita mjukuu aingie majini, ashike yeye.

Mtoto aliona kwanza kwamba samaki hajisimamii. Ukimwachia kidogo tu analala ubavu. Matamvua yalikuwa yanafunguka na kufunga haraka haraka, bila mpango. Barbeli anapigana mpaka tone la mwisho. Misuli yake inahitaji oksijeni nyingi kuliko inayoingia, na baada ya hapo anabaki na deni la kulipa. Majira ya baridi analilipa upesi. Mwisho wa Agosti, kwenye maji ya nyuzi 18, analipa kwa sarafu ndogo ndogo. Kwa hiyo unamshika, maji yanaingia mdomoni na kutokea matamvuani, nawe unangoja. Magoti ya mtoto yalianza kufa ganzi. Treni ilipita, hakuitazama. Baadaye matamvua yakashika mwendo, polepole, sawasawa. Pezi la mgongoni likasimama. Halafu, bila salamu, mkia ukampiga mtoto kwenye kifundo cha mkono na samaki akaondoka.

Picha haikupigwa. Mtoto alinuna mpaka saa sita.

Najua mnachotaka kuniuliza. Amemvua, amemhangaisha, halafu anamrudisha, kwa nini? Bibi zetu wangeweka sufuria kabla hajafika nyumbani. Kwanza ni sheria: barbeli wa mtoni aliyezidi sentimeta 20 haruhusiwi kuchukuliwa. Pili, mayai yake yana sumu, na nyama yake ina miba midogo isiyohesabika. Tatu, wale watu wanavua kwa ajili ya kuvua. Mimi mwenyewe nakiri sijawahi kulielewa jambo hili mpaka mwisho, lakini ukishaamua kumrudisha, basi mrudishe akiwa mzima. Kumtupa nusu mfu na kusema nimemwachia ni kujidanganya.

Kijana alikuja kusikia habari, akahamisha vitu vyake mwenyewe mpaka kwenye mawe ya chini zaidi, bila kuambiwa. Mchana ulikuwa wa joto kali na hakuna kilichogusa chambo cha mtu. Jioni fimbo yake nayo ikakunjwa, akashika, akashangilia mapema, samaki akaingia kwenye mizizi na mshipi ukakatika. Alisimama akiutazama mshipi mtupu, masikio mekundu.

Akafunga ndoano nyingine. Hewa ilikuwa imeanza kupoa, mbu wameshatoka, na maji yalionekana mazuri kuliko siku nzima. Babu akachovya kipimajoto. Nyuzi 21. Hewa hupoa mara jua likiinama, lakini mto unaendelea kubeba joto la mchana kutwa, na saa hizo ndizo unapokuwa na joto jingi kuliko asubuhi au adhuhuri.

"Tumemaliza," alisema.

"Lakini Babu, ndio kwanza wanaanza kula!"

"Wanakula, ndiyo. Ukimpata sasa hivi, utaweza kumshika majini mpaka giza liingie?"

Kijana akakaa kimya, akahesabu kichwani.

"Nitamshika mimi," mjukuu akadakia, na tayari alikuwa ameshavua viatu.

Babu alicheka, akampa taulo, akaanza kuzikunja fimbo.