Oili ya Injini na Vumbi la Nkololo

Lori libebalo pamba kutoka Nkololo, wilayani Bariadi, hupita katika barabara za vumbi. Chembe za silika zilizomo katika vumbi hilo ni ngumu kuliko chuma cha silinda. Zikipenya chujio la hewa, huchanganyika na oili na kuisaga injini polepole. Basi kitabu cha gari kisemapo oili imwagwe kila kilomita 10,000, hukusudia barabara nzuri. Penye vumbi, vitabu vingi huagiza umbali huo upunguzwe, mara nyingi kwa nusu.

Weusi wa oili si kipimo, ijapokuwa madereva wengi huutegemea: oili yenye dawa ya kusafisha huwa nyeusi upesi kwa kuwa hubeba masizi yasigande. Silika haionekani kwa macho. Chujio la hewa likipasuka, hata oili mpya huharibika mapema.