Vitu Ambavyo Bado Vina Kazi

Juu ya kilima kinachotazama Ziwa Turkana, karibu na mji wa Loiyangalani katika Kaunti ya Marsabit, yapo Makumbusho ya Jangwani yaliyofunguliwa mwaka 2008 chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Huko zimehifadhiwa zana na mapambo ya jamii za upande huu: Waturkana, Wasamburu, Warendille, Wagabbra, Waelmolo na majirani zao. Ukishuka kilima, utavikuta vitu vya namna ileile mikononi mwa wenyewe. Mzee wa Kiturkana kwa kawaida hatoki kwenda mbali bila kigoda chake cha mti. Mchana hukikalia, na usiku hukifanya mto; zamani kilizilinda nywele zilizopambwa kwa udongo zisiguse mchanga.

Kwa kawaida tunajenga makumbusho kwa ajili ya waliokwisha kuondoka. Mgeni wa ngome ya kale ya Fort Jesus hukagua mizinga ambayo hakuna tena anayeifyatua. Kaskazini ya Kenya hali si hiyo, na kwa maoni yangu ndipo ulipo utajiri wa mahali hapa. Ndipo pia palipo na kazi ngumu, kwa sababu kitu kinachotumika kina maarifa ambayo kabati la kioo haliwezi kuyabeba.

Chukua chombo cha maziwa. Miongoni mwa Wagabbra, Warendille na Waborana, wanawake ndio wanaosuka vyombo hivi kwa nyuzi za mimea, wakizikaza mno hata tone lisipenye. Binti hujifunza akiwa ameketi ubavuni mwa mama yake, na vyombo hivyo ni sehemu ya mali atakayoingia nayo kwenye nyumba ya ndoa. Katika nchi ambayo maji huchotwa mbali, chombo husafishwa kwa moto: mama hutia ndani kijinga cha mti maalumu, hukitikisa, hufunika, kisha huondoa majivu. Moshi huyalinda maziwa yasiharibike upesi na huyapa ladha ambayo mtoto aliyekulia jangwani huitambua popote atakapokuwa. Weka chombo hicho kabatini miaka kumi bila kukifukiza, na umbo litabaki lakini harufu itakuwa imekwenda zake. Mgeni atasoma jina la kabila na jina la chombo, aende akidhani amekiona.

Nyumba ya Wagabbra nayo ni hivyohivyo. Ni ya mwanamke. Yeye ndiye mjenzi na ndiye mwenyewe. Fito zilizopindwa na mikeka hufunguliwa, hufungwa juu ya ngamia, na jioni nyumba husimama tena penye malisho mapya. Binti anapoolewa, sehemu ya nyumba ya mama huingia katika nyumba yake, hivyo chini ya mikeka ya bibi harusi zimo fito zilizowahi kumsitiri bibi yake. Ukiijenga nyumba hiyo uani mwa makumbusho na kuiacha hapo mwaka mzima, umeionyesha katika hali ambayo wenyewe hawakuikusudia.

Mambo mengine hayawezi kuwekwa katika kabati lolote. Mwanamke wa Kirendille akijifungua mtoto wa kwanza wa kiume, hutengenezewa doko, mtindo wa nywele uliosimamishwa kwa udongo kama upanga wa jogoo, na kila anayekutana naye hujua kwamba ni mama wa mtoto wa kiume. Mtindo huo hukaa kichwani mwake tu.

Waelmolo, wavuvi wa ziwa hili, wanatuonyesha hasara ilivyo. Sensa ya 2019 iliwahesabu kiasi cha watu 1,100 tu. Wazee wao walivua kwa chusa na nyavu za nyuzi za mkoma, wakisafiri juu ya vyelezo vya magogo ya mti huohuo. Lugha yao ya asili ilikwisha kuzimika katika karne iliyopita, na leo wanasema Kisamburu. Chusa kimehifadhiwa, lakini maneno aliyoyasema baba akimfundisha mwanawe kulenga hayapo. Kisha ziwa lenyewe likapanda: kati ya 2010 na 2020 eneo lake liliongezeka kwa takriban asilimia 10. Huko Komote, kijijini mwao, maji yalifunika makaburi, na watoto wakawa wanakwenda shule kwa mashua.

Upande wa wafugaji, adui ni ukame. Kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi mwishoni mwa 2022, misimu mitano ya mvua ilishindwa mfululizo, na zaidi ya mifugo milioni mbili ikafa katika kaunti kame za Kenya. Ngamia akifa, nyumba haihami. Isipohama, mabati huingia mahali pa mikeka, na maziwa ya pakiti mahali pa chombo cha kusukwa. Mwanamke aliyejua kufukiza anabaki na ujuzi usio na maziwa. Ndivyo kitu kinavyokoma kuwa cha nyumbani na kuwa cha kabati, tena ndani ya kizazi kimoja.

Wageni wengi hufika wakati wa Tamasha la Ziwa Turkana, lililoanza pia mwaka 2008, wakaona ngoma na shanga za jamii zaidi ya kumi. Ni furaha ya kweli, na jamii zilizowahi kugombania visima hukaa pamoja. Lakini siku za jukwaani ni chache. Fedha za kudumu zingefaa kwenda kwa wasukaji: walipwe wapande kilimani kila wiki, wasuke mbele ya watoto wa shule za Loiyangalani, wavifukize vyombo vilivyomo makabatini na kuvitia maziwa. Na mgeni apelekwe kwanza kijijini, kwa idhini ya wenyeji, anywe hayo maziwa ya moshi, ndipo apande kuona vilivyohifadhiwa.