KOME, KOMBE NA CHAZA: KITOWEO CHEMA, LAKINI TUANGALIE KIMETOKA WAPI

Wanachama wapenzi,

Karafuu ina msimu wake, lakini bahari hupwa na kujaa kila siku. Kila bamvua watu wa nyumba zetu hushuka pwani kuokota kitoweo. Yafaa basi tuwajue wanyama hawa tunaowatia chunguni.

Kome, kombe na chaza ni jamaa moja: kila mmoja ana magamba mawili yaliyoungana upande mmoja. Kome hujifunga mwambani kwa nyuzi anazozitoa mwenyewe, ngumu kama usumba. Chaza hubandika gamba lake moja juu ya jiwe au mzizi wa mkoko. Kombe hujifukia mchangani au topeni.

Wanyama hawa hawawindi. Huvuta maji, wakayachuja, wakala vijimea visivyoonekana kwa macho. Kome mkubwa huweza kuchuja zaidi ya lita 1 kwa saa. Nyama yake ni chakula bora: gramu 100 za kome aliyepikwa zina karibu gramu 24 za protini, pamoja na madini ya chuma yanayoongeza damu.

Lakini mwenye kuchuja maji hubakiwa na kilichomo majini. Pakiwa na choo au mfereji wa maji machafu, vijidudu vya maradhi hukusanyika ndani yake. Vijimea vingine navyo vina sumu, na sumu hiyo haiondoki kwa kuchemshwa, wala haina ladha. Mwaka 1987 kome waliofugwa katika Kisiwa cha Prince Edward, Kanada, waliwadhuru zaidi ya watu 100. Wengine walipotewa na kumbukumbu, na baadhi yao wakafariki.

Kwa hiyo tushike haya:

1. Tusiokote karibu na mifereji, vyoo wala bandari, wala pale maji yalipogeuka rangi.
2. Tuchague walio hai: ukimgonga hufunga magamba. Aliyekufa au kuvunjika atupwe.
3. Wapikwe siku ile ile, wachemke barabara.
4. Wadogo waachwe wakue wazae.
5. Mtu akila kisha midomo ikafa ganzi au viungo vikalegea, apelekwe hospitali mara moja.

Katika madhehebu yetu ya Shafi vya baharini ni halali, lakini kinachodhuru hakiliwi. Tafadhali wasomeeni haya wanaoshuka pwani, kwani wao ndio wanaochagua mahali pa kuokota.

Katibu